Kitovu

Umeme ulikatika Pasua saa moja kasoro,
kompyuta ikafa na hesabu zangu tumboni.
Mezani palikuwa na maharage ya kuchagua mawe.
Nikaanza upya, kwa mkono.

Hili jekundu, Mombasa. Hili lenye madoa, Dar es Salaam.
Tanga nikaipa dogo, lililonyauka upande mmoja
(usininunie, Tanga, ni takwimu, si mimi).
Durban karibu na chupa ya chai.
Ukingoni kabisa, pale kitambaa kilipoungua kwa pasi:
Salala, Jebel Ali, Kolombo.
Kisha uzi, ule mweusi wa kushonea sare.
Meli ikipita mara moja kwa wiki, uzi mmoja.
Zikipita tatu, nyuzi tatu.

Mama akaingia na taa ya sola.
"Unacheza bao na nani?"

Nikamweleza: siipimi bandari kwa urefu wa kreni zake.
Nahesabu njia za wengine zinazokatiza mlangoni pake.
Ipo bandari hailimi hata punje,
kahawa yetu hainywi,
lakini ukiizima, nusu ya meza haiijui tena nusu nyingine.

"Na hiyo mnaiitaje?"
"Kitovu."

Alicheka mpaka taa ikayumba.
"Changu kimefukiwa Uru, chini ya mgomba wa mchare.
Chako walikichoma hospitali, Mawenzi, sikuulizwa.
Ninyi wasomi mnavizika baharini?"
Akainama, akatafuta.
"Na Moshi iko wapi, Aikande?"

Safu mia mbili na kumi za jedwali,
na Moshi haimo.
Jedwali linataka gati, linataka kina cha maji.
Sisi tuna mfongo,
nao una zamu.

Miaka ishirini na miwili alichambua kahawa kiwandani,
kidole kikijua kabla ya jicho: hii safi, hii imevunjika,
hii imeliwa na mdudu, tupa.
Mdomo wa gunia ukishonwa, walisema, "Imeenda."
Imeenda wapi? Imeenda.

Nikamwonyesha wapi.
Kontena la mwaka jana, alilolivuta mjomba Elisaria:
Jumanne Himo, njia panda, Holili usiku,
Mombasa Alhamisi, likapakiwa bila maneno.
Kisha hapa, penye alama ya pasi,
meli ya kulipokea ilikwisha ng'oa nanga.
Siku thelathini na moja juu ya zege la watu,
bei ikishuka huku hatuko,
na malipo ya pili ya chama yakaja Mei badala ya Januari,
na Ndeshimuni akarudishwa nyumbani kwa ada.
"Ni kwa sababu ya uzi huu," nikasema, nikaugusa.
Meza nzima ikasogea kidogo.

Mama hakusema kitu kwa muda.
Kisha: "Kumbe ni mfongo tu.
Wa juu akisahau jembe lake katikati ya maji,
wa chini anapalilia vumbi.
Tofauti, wa juu wetu tulimjua jina.
Tulikwenda kumgongea."

Kwenye kopo la dirishani akachukua punje ya kahawa mbichi,
ile ya mviringo, isiyo na pacha,
akaiweka peke yake, mbali na maharage yote.
"Nyuzi ngapi?"
"Tatu. Ila ya Tanga nyembamba."
"Funga hata hiyo nyembamba."
Nikafunga.

Umeme ulirudi. Kompyuta ikaniuliza
kama nataka kurejesha kazi ya awali.
Mama alikuwa ameshakumba bahari nzima kwa ungo,
maji yamo sufuriani, mkaa umeshika.

Tulikula karibu na saa sita.
Mombasa iliiva. Dar iliiva, hata Tanga.
Moja tu lilikataa, gumu chini ya jino.
Nikalitema kiganjani,
nikalisogeza kwenye taa
kuangalia kama lina harufu ya pasi.